Thamostati si kifaa cha nchi za baridi: jibu kwa mwenye Chaser ya turbo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Lindi, nina Toyota Chaser Tourer V ya mwaka 1997 ambayo ninaitengeneza mwenyewe nikisaidiwa na fundi wa mtaani. Fundi alitoa thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto, akisema kwa joto la huku haina kazi. Tukaondoa kava ya feni na kufunga intakula kubwa (kipozea hewa inayosukumwa na turbo) mbele ya rejeta. Nikiwa barabara ya Mingoyo mshale wa joto unakaa chini kabisa, lakini nikipanda Newala kwa upande wa Masasi unakimbilia juu. Turbo ya kwanza ilikufa, na hii ya pili imeanza kutoa moshi wa bluu. Je, nifunge ya tatu, na niongeze busti, yaani mgandamizo wa hewa ya turbo, kama fundi anavyoshauri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Turbo ya tatu usiinunue kwa sasa, na busti usiiguse. Nitaanza na thamostati, kwa sababu naamini ndipo matatizo yako yalipoanzia, na kwa sababu nimechoka kupokea magari ambayo nyumba ya thamostati ni tupu huku mwenye gari akinieleza kwa uhakika kamili kwamba ilitolewa kwa kuwa huku si Ulaya.

Hoja hiyo haina miguu. Chaser haikuundwa kwa ajili ya Ulaya. Toyota ina makao yake jirani na Nagoya, ambako mwezi wa Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, yaani kuliko siku nyingi za Lindi na Mtwara, na magari ya huko yanatembea na thamostati zake kiangazi chote. Injini inataka maji yake yafike nyuzi themanini na kitu mapema, kisha yabaki hapo hapo, iwe nje kuna baridi au jua kali, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na silinda, wepesi wa oili na kiasi cha petroli kinachonyunyizwa vyote vilikadiriwa kwa joto hilo. Thamostati ya injini yako ya 1JZ-GTE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84.

Linalonikera zaidi ni imani kwamba ukiitoa, injini itapoa vizuri zaidi. Itafute thamostati nzima, uishike mkononi na kuitazama. Upande mmoja kuna sahani inayofungua njia ya maji yatokayo kwenye rejeta. Upande wa pili, chini ya springi, kuna sahani ndogo ambayo mafundi wengi hawajawahi kujiuliza ni ya nini. Sahani hiyo huziba njia ya mchepuko, ile inayorudisha maji ya moto kutoka kwenye silinda hedi moja kwa moja hadi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi mchepuko huwa wazi ili ipate joto haraka. Ikishapata joto, thamostati hufungua upande wa rejeta na papo hapo kuuziba mchepuko, ili maji yote yakapozwe. Ukiitoa, mchepuko unabaki wazi saa zote. Kwenye barabara tambarare ya Mingoyo maji machache yanayopita kwenye rejeta yanatosha na kuzidi, ndiyo maana mshale wako unalala chini. Kwenye mlima wa Newala, turbo ikiwa inasukuma na mwendo ni mdogo, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa, na mshale unapanda. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya miaka hiyo vinakataza wazi kuondoa thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Turbo nayo inaingia hapa. Sensa ya joto la maji inapoiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli. Petroli iliyozidi haiungui yote; nyingine inaosha kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambako inachanganyika na oili na kuifanya nyepesi. Kwa kawaida joto la injini ndilo huikausha petroli hiyo kutoka kwenye oili, na wewe joto hilo umelinyima. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukidhoofika, beringi zinalika, shafti inaanza kucheza, na moshi wa bluu unatokea. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, umempata mshitakiwa.

Hata hivyo moshi wa bluu peke yake hauthibitishi kwamba turbo ni mbovu. Kagua kwanza bomba la chini linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, maana mara nyingi limezibwa na silikoni iliyopakwa kwa wingi badala ya gasketi, kisha kagua njia ya kupumulia ya injini. Oili isipopata pa kuteremkia hutafuta njia ya ekzosi, na kufunga turbo mpya hakutabadilisha chochote.

Kuhusu busti, kiwanda kiliiweka kwenye takriban 0.7 ya baa, kwa petroli yenye oktani ya juu ya Japani. Atakayekushauri kuidanganya sensa ya mgandamizo ili kompyuta isikate mafuta busti ikizidi, atakuwa anakushauri kuondoa mlinzi mlangoni. Busti ikipanda bila petroli kuongezeka, injini inanoki, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni hazivumilii kunoki kwa muda mrefu.

Rudisha kava ya feni leo hii. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta, na hasara hiyo huonekana hasa kwenye mwendo mdogo wa mlimani. Intakula ya kiwandani ilikaa pembeni, nyuma ya bampa. Hiyo kubwa uliyoiweka mbele inaipasha moto hewa kabla haijafika kwenye rejeta, kwa hiyo kama unaitaka, rejeta iwe safi kabisa ndani na nje. Acha pia maji ya visima vya pwani yenye chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Funga thamostati halisi, kile kipini chake cha kutolea hewa kikielekea juu, badilisha oili na filta, toa hewa yote kwenye mfumo wa maji, tembelea gari wiki kadhaa, ndipo uamue juu ya turbo.

Haya hayamhusu mwenye Chaser peke yake. Kuna gereji ambazo dawa yake kwa kila ugonjwa ni kung'oa: thamostati inang'olewa, feni klachi inang'olewa, kava zinatupwa, na mteja anatozwa fedha kwa kurudishiwa gari pungufu. Kila msimu wa korosho vijana huteremka na magari ya turbo kutoka Dar es Salaam, mengi yakiwa yamekwisha kupita katika mikono hiyo. Kabla ya kulipa, omba gari liwashwe likiwa limelala usiku kucha, kisha gusa mpira wa chini wa rejeta, ukichunga mkono usifike kwenye feni. Kwenye injini hizi thamostati hukaa upande huo, kwa hiyo mpira unapaswa kubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, thamostati haimo au imekwama wazi, na hapo usiishie kwenye thamostati: nusa oili, tazama rangi ya plagi, na uishike shafti ya turbo kwa vidole injini ikiwa imezimwa na kupoa, kabla hamjaanza kuzungumza bei.