Maswali ya Wafugaji: Fahali ni Boran, mbona ndama hawana uzito?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mwaka juzi nilinunua fahali wa Boran, koo ya ng'ombe wakubwa wa nyama, kwa mfugaji mmoja. Mzani wa mnadani ulisoma kilo 560, naye akaniapia kuwa ni Boran halisi. Nikamwachia majike yangu ya asili. Ndama walizaliwa Juni, wakubwa kuliko tuliowazoea, mpaka mke wangu akapiga vigelegele. Sasa wana miezi saba na wastani wao ni kilo 92. Ndama wa jirani, wa asili kwa baba na mama, waliozaliwa Desemba, katika umri huohuo walikuwa na kilo 95. Maziwa nakamua asubuhi na jioni, ndama namwachia chuchu moja. Je, nimeuziwa Boran bandia?
Msomaji, Bahi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaenda kugombana na mtu, soma tena barua yako pale ulipoandika "Juni" na "chuchu moja".

Ndama wa Juni huko kwenu anazaliwa mvua imeshakatika. Miezi mingi ya kunyonya, mama yake anatafuna mabua ya mtama. Ndama wa jirani alizaliwa mvua ikianza, mama yake akala majani mabichi mpaka Aprili. Halafu kiwele cha ng'ombe wa asili ni kidogo, nawe unakitembelea mara mbili kwa siku. Kabla ya kuachishwa kunyonya, uzito wa ndama ni maziwa ya mama kuliko kitu kingine. Ndama mwenye umbo kubwa ndiye anayeumia zaidi, maana anahitaji chakula kingi hata kabla ya kuongeza kilo moja. Kazaliwa mkubwa kwa sababu fahali alifanya sehemu yake, njaa ikafuata.

Na hizo kilo 560 zisikulevye. Chukua mafahali wa koo moja, waliokulia malisho mamoja. Mmoja akifika mwaka anawazidi wenzake kilo 40. Kwa uzito wa umri huo, kinachorithika ni kama asilimia 30 ya hiyo tofauti, yaani kilo 12. Kila ndama huchukua nusu ya vinasaba vya baba, kwa hiyo tegemea kilo 6. Zile 28 zilizobaki zilitokana na malezi: mwezi aliozaliwa, maziwa ya mama, dawa ya minyoo, pengine mashudu ya alizeti. Hazirithiwi. Wewe umechanganya koo mbili, hivyo una faida nyingine juu ya hapo, ya umbo la Boran na nguvu ya uchotara (ile anayoipata ndama wa koo mbili), lakini nayo inataka chakula.

Nikiwa bado kazini niliwahi kuuza mtamba wangu kwa hasira, kwamba amedumaa. Mama yake ndiyo kwanza alikuwa anazaa, maziwa haba. Aliyemnunua alimlisha vizuri, na baada ya misimu miwili sikumtambua. Mpaka leo ananitania.

Basi fahali usimuuze. Mtenge, umwachie majike kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili, ndama waje Desemba na Januari. Chuchu moja iwe mbili, na jioni usikamue kabisa mpaka ndama afike miezi mitatu. Ng'ombe uwaogeshe dawa ya kupe kwa ratiba. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikimpata ndama, akipona bado unaweza kumwona amebaki nyuma ya wenzake.

Ukipima, pima asubuhi kabla hawajanywa maji. Ng'ombe akinywa lita 30 ameongeza kilo 30 bila hata chembe ya nyama, na wachuuzi wa mnadani wanalijua hilo vizuri sana. Huna mzani? Chukua utepe, pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Sentimita 140 kwa 115 ni karibu kilo 208. Linganisha dume na dume, jike na jike, wa msimu mmoja na wa boma lako mwenyewe. Huyo wa jirani muache.

Jambo moja hukuuliza: mitamba ya Juni ikikaribia kupandwa, huyo fahali ni baba yao. Badilishaneni mafahali na mfugaji wa kijiji kingine mapema, asije akawapanda binti zake.