Maswali yenu: kunywa peke yako, kuacha peke yako

Meseji za wiki hii nyingi zimeangukia palepale, pombe, unga na upweke, nimechukua tano.

Zamani nilikuwa nakunywa na washkaji, saa hizi nakunywa ndani nimefunga mlango. Upweke ndo umenifanya mlevi au ulevi ndo umenitenga na watu?

Vyote viwili ndugu yangu, na kimoja kinakisukuma kingine. Unaanza kutopokea simu kwa sababu sauti itakuumbua, simu umeilaza kifudifudi kitandani inaita weee mpaka inanyamaza, na ikinyamaza unashusha pumzi. Mimi nimepitia hapo najua. Baadaye hata wanaokupenda wanaacha kupiga, na ukishabaki peke yako hakuna anayejua leo umeanza saa ngapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Kanada, Bruce Alexander na wenzake waliweka panya wengine kila mmoja kizimbani kwake na wengine pamoja sehemu kubwa yenye vitu vya kuchezea, wote wana maji ya kawaida na maji yenye mofini, dawa ya maumivu inayolevya, na wale wapweke ndo walikunywa mofini zaidi. Waliorudia jaribio hilo hawakupata majibu yaleyale kila mara, kwa hiyo usichukulie kwamba upweke ndo chanzo pekee, kuna kurithi, kuna maumivu ya utotoni, kuna mengi. Ila 2018 Marco Venniro na wenzake Marekani waliwapa panya waliokwisha zoea meth, dawa ya kulevya, wachague, dawa au kukaa na mwenzao, na wengi mno walimchagua mwenzao. Hiyo inanipa moyo kuliko chochote. Leo mpigie mtu mmoja tu, hata kama huna la kusema.

Nakunywa kila siku tangu asubuhi. Nataka nijifungie siku tano niache kimyakimya, sitaki mtu ajue.

Tafadhali usifanye hivyo, nakuomba kabisa. Mtu anayekunywa kila siku akikata ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya masaa machache, kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili ya tatu wengine wanachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa hivyo. Dawa za usingizi na za wasiwasi ukizizoea ni vilevile. Nenda kwa daktari, mwambie ukweli unakunywa kiasi gani, kuna dawa za kukuvusha salama. Aibu ya kuongea na daktari ni ya dakika kumi.

Mwanangu alikuwa anatumia unga, ametoka soba, nyumba ya kuachia unga, mwezi uliopita. Nimemnyang'anya simu na simruhusu kutoka. Nakosea?

Mama, shikamoo. Hofu yako naielewa, umeshamlilia vya kutosha. Lakini kwenye hiyo simu hamna wauza unga peke yao, kuna na wenzake aliopona nao, na ukifunga mlango umewafungia wote. Kaeni mfute namba za zamani pamoja, halafu mwache aende kwenye kikundi, umsindikize mpaka mlangoni kama moyo haukupi. Na hili ulijue: mwili wake haukihimili tena kipimo cha zamani, akiteleza akajidunga kile alichozoea anaweza kuacha kupumua, na akiwa amejifungia hakuna wa kumuwahi. Muulize daktari kuhusu naloxone, ni dawa ya kumrudisha mtu aliyezidisha heroini.

Hivi vikundi vya kukaa duara na kuongea vinasaidia kweli?

Vinasaidia. Mwaka 1935 Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha miezi michache tu, alikwama hotelini mji wa Akron, Marekani, biashara imebuma, na baa ipo palepale. Akaenda kwenye simu badala ya baa, akapiga mpaka akaunganishwa na mlevi mwenzake, daktari Bob Smith, na AA, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ikaanzia hapo. Hakuwa anatafuta mtu wa kumshauri, alitaka mtu anayejua ile kiu. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, watafiti wanaopima tafiti za tiba, tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi, uliona njia hii inawasaidia watu kuacha kabisa pombe sawa na tiba nyingine au zaidi. Kama mambo ya AA hayakukai tafuta kikundi kingine, na kama unatumia methadone, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, usikubali mtu akuambie hujapona.

Nilikaa klini, bila kunywa kabisa, miezi nane, juzi nimekunywa. Naona aibu kurudi kwenye kikundi.

Rudi leo, usisubiri wiki iishe. Nusu ya waliokaa hapo wameshawahi kuingia na macho mekundu kama yako, na miezi yako nane hakuna aliyeifuta. Kama huwezi kuongea kaa kiti cha karibu na mlango, ila kaa mpaka wamalize.