Shangazi wa Ughaibuni: Fleti haina jiko, na Krismasi hii siendi Moshi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, nasomea unesi hapa Leipzig, Ujerumani, niko mwaka wa pili. Nilikuwa hosteli, mwezi huu nimepata fleti yangu mwenyewe gorofa ya tatu, chumba na sebule, nikafurahi mpaka nilipofungua mlango. Jikoni hamna kitu Shangazi, hamna sinki hamna jiko hamna kabati, bomba tu limetokeza ukutani, na darini nyaya zinaning'inia hata taa hamna. Mwenye nyumba anataka Kaution, yaani amana ya nyumba, ya miezi mitatu yote kwa mkupuo. Juzi Jumapili wenzangu wa kwaya wamekuja tukaimba kidogo, jioni nakuta kikaratasi mlangoni, jirani analalamikia kelele. Na Desemba ndo hiyo, nyumbani kila mtu anapanda Moshi, mama ananitumia voisi kila siku ananiuliza Krismasi nitakula nini, na kazini wamenipanga shifti ya jioni tarehe 24. Nataka niite watu kama wanane ila hata viti sina. Nifanyeje?
– Binti wa Marangu, Leipzig

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya fleti, maana kupata nyumba Ujerumani siku hizi si kazi ndogo.

Tuanze na hela. Hiyo Kaution kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, yaani bila gharama za hita na maji, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, fungu la kwanza mkataba unapoanza na mengine mawili miezi miwili inayofuata pamoja na kodi. Hata kama mkataba umeandika vingine sheria inakulinda wewe mpangaji, kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba kwa adabu tu, mwambie nitalipa kwa mafungu matatu. Halafu kajiandikishe makazi mapya, unapewa wiki mbili tangu uhamie na utahitaji karatasi yenye sahihi ya mwenye nyumba, usiende bila hiyo utarudishwa. Na barua ya ada ya redio na televisheni ikija usiitupe, mwaka 2025 ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na tivii usiwe nayo.

Jiko sasa. Hujatapeliwa mwanangu, huko ni kawaida kabisa, mtu akihama anang'oa jiko lake anaondoka nalo, na taa pia. Usikimbilie kukopa ununue jipya. Nunua jiko dogo la umeme la pleti mbili la kuchomeka ukutani, linakutosha kwa sasa, halafu anza kutafuta makabati na sinki la mtumba kwenye Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ya vitu vya mtumba, watu wanaohama wanauza kwa bei ya kutupa na wengine wanatoa bure ilimradi uje ubebe mwenyewe, hapo ndo wanakwaya wana kazi. Ila likija jiko kubwa la umeme usimwachie kijana yeyote anayesema anajua akuungie, ule umeme wake ni mkubwa kuliko wa soketi ya kawaida, ita fundi umeme mwenye cheti.

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi: dirisha. Ukichemsha nyama kwa muda wa saa mbili na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, ule mvuke wote unakwenda kukaa kwenye kona za kuta, na baada ya muda utaona vidoti vyeusi nyuma ya kitanda, ni ukungu huo, na mwenye nyumba atasema ni wewe. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi, asubuhi, jioni na ukimaliza kupika, halafu ufunge. Usiache dirisha limeinamishwa wazi kidogo tu kutwa nzima, chumba kinapoa na unyevu hautoki vizuri.

Jirani wa kikaratasi. Nimekuelewa uliumia, lakini naye usimwone mbaya, Ujerumani Jumapili na sikukuu ni siku za utulivu mchana kutwa, na siku zote kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi watu wamelala. Usimjibu kwa karatasi. Kagonge mlango, jitambulishe, mwambie ndo kwanza umehamia, na tarehe fulani utakuwa na wageni mpaka saa fulani. Halafu siku yenyewe mpelekee sahani, kama tunavyopelekeana kwetu Krismasi na Idd, huyu Mkristo yule Mwislamu na watoto ndo wabebaji. Mimi nimeishi Ulaya miaka mingi na sijaona kitu kinachofungua mlango wa jirani kama chapati za moto. Utamhitaji pia, maana mzigo wako ukija hupo mara nyingi unaachwa kwa jirani.

Haya, Krismasi. Hapa ndo nataka unisikilize. Kwa Wajerumani sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24, wanajifungia na familia zao, wengi wanakula soseji na saladi ya viazi, na mtaa unakuwa mtupu kabisa. Kwa hiyo hiyo shifti unayoililia kila mwenzako anaikimbia. Ichukue. Nenda sasa hivi kwa mpanga ratiba umwambie mimi nafanya tarehe 24 jioni, naomba 25 na 26 nipumzike, na ulipate jibu kwa maandishi. 26 nayo ni sikukuu huko, wageni wako wengi watakuwa nyumbani hawana pa kwenda, waite siku hiyo mchana upate na usingizi kidogo.

Manunuzi ufanye mapema, tarehe 24 maduka mwisho saa nane mchana, 25 na 26 yamefungwa. Nenda Eisenbahnstraße kwenye maduka ya Waarabu na Waafrika, tafuta ndizi mbichi za kupikia mtori, na angalia usije ukabeba mizuzu ukadhani ni zile, mtori wake haulainiki kama wetu. Kwa bucha waombe nyama ya ng'ombe yenye mfupa, chemsha mpaka mfupa uachie, ndizi ziive humo humo kwenye supu, uponde na siagi na kitunguu. Viti acha, tandika mkeka na blanketi sebuleni, kila mgeni aje na sahani yake na kijiko, nani kasema mtori unaliwa mezani tu?

Na Leipzig umefika pazuri kuliko unavyodhani. Wamisionari Walutheri waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huo huo unaokaa, na misheni yao bado ipo hapo na bado ina ushirikiano na KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Wapigie, uliza kama kuna ibada au mkusanyiko wa Watanzania Desemba. Mama naye mpigie kwa video wakati wa kuponda ndizi, ukikumbuka majira ya baridi yeye yuko mbele yako kwa saa mbili.

SWALI: Shangazi, mimi niko Bonn, kazini wanataka tarehe za likizo mapema na Idd inategemea mwezi. Nawaambiaje?
– Baba Salma

JIBU: Omba siku mbili mfululizo, uwaeleze kwamba moja utairudisha. Misikiti mingi ya Waturuki huko inafuata hesabu badala ya kungoja kuona mwezi na kalenda yao inatoka mapema, ila inaweza kupishana na nyumbani, Idd el Fitr ya 2025 wao waliswali tarehe 30 Machi, Tanzania ikawa 31. Amua mapema utaswali na msikiti gani. Na mbuzi usichinje mwenyewe uani baba, sheria hairuhusu, agiza kwa bucha ya halali wiki mbili kabla.