Sahani za Elvis za lebo ya Sun: "VG+" ya muuzaji ichunguze kwanza

Mkuu, umeuliza kama ulipe bei ya "VG+" kwa sahani ya muziki (santuri) ya Elvis ya 45, yaani ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, ya lebo ya Sun, kampuni ya kurekodi ya Memphis, uliyoiona mtandaoni ikiwa inang'aa pichani. Mimi nanunua na kuuza sahani za rock and roll za miaka ya 50, kwa hiyo nakujibu kisokoni.

Wauzaji wengi hufuata madaraja ya jarida la Goldmine la Marekani: M (mpya kabisa), NM (karibu mpya), VG+ (zaidi ya nzuri sana), VG (nzuri sana), G (nzuri), kisha za kutupa. VG+ huhesabiwa kama nusu ya bei ya NM, VG robo yake. Sasa unaelewa kwa nini kila muuzaji macho yake huona VG+ tu! M mimi siandiki kabisa.

Kung'aa si hoja. Washa taa moja kali, ilaze sahani ili mwanga uipige kwa ubavu, izungushe taratibu. Vimistari vyembamba vilivyoachwa na karatasi ya mfuko mara nyingi havisikiki. Ila mkwaruzo unaonasa ukucha utausikia, tik, tik, tik, kila mzunguko, na hapo habari ya VG+ imekwisha. Kagua pande zote mbili, kila moja ipewe daraja lake.

Tena si kila 45 ni vinaili, ile plastiki ya kawaida ya sahani. Viwanda kadhaa vya Marekani vilitumia polistirini, plastiki ngumu na nyepesi ambayo sindano nzito za zamani ziliila haraka. Inaweza kuonekana safi kabisa, ukiipiga ni mchakacho mtupu. Kwa hizo sikubali daraja la macho, lazima nisikie.

Kuhusu Sun yenyewe: Elvis alitoa sahani tano tu pale, kati ya 1954 na 1955, ya kwanza ikiwa namba 209 katika orodha ya Sun, Julai 1954. Novemba 1955 kampuni ya RCA Victor ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000, ikazitoa upya kwa lebo yake. Hizo za RCA ni halali, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Usichanganye pia na "Heartbreak Hotel" ya 1956: ile iliuzwa zaidi ya milioni, ikichakaa haina soko.

Sun za bandia zimejaa. Ya plastiki ya rangi, achana nayo; Elvis wa Sun wa asili ni nyeusi. Zilizofyatuliwa Memphis huwa na vibonyeo vitatu vya mviringo kwenye lebo ya karatasi ya katikati, vinavyoonekana mwanga ukija kwa pembeni. Zisizo navyo zipo pia, maana viwanda vilikuwa zaidi ya kimoja, hapo ndipo unasoma maandishi yaliyochorwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo na kuyalinganisha na nakala inayojulikana.

Mwombe picha ya lebo kwa mwanga wa ubavu, picha ya hayo maandishi, na video sahani ikipigwa pande zote mbili. Akileta picha bila video, mpe bei ya VG. Akikataa vyote, mwache na sahani yake.