Wiki ya nne baada ya ACL: tulia kwanza

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina wiki ya nne tangu nifanyiwe upasuaji wa ACL, goti haliumi kabisa. Naweza kuanza kukimbia mdogo mdogo?" Hapana. Tena hapana kubwa. ACL ni ile kano ya ndani ya goti inayounganisha mfupa wa paja na muundi; ikikatika, daktari huweka kano nyingine mahali pake.

Mimi nilichukuliwa kano za nyuma ya paja ziwe ACL mpya, zikakunjwa, zikapitishwa kwenye tundu la mfupa wa paja na la muundi, kisha kule chini zikabanwa kwa skrubu. Baada ya wiki chache nilikuwa natembea sebuleni bila maumivu. Wenzangu wa ndondo wakaanza kunihesabia mechi, na mmoja akaandika kwenye grupu kwamba nadeka. Lile neno bado linanichoma, sitaficha.

Lakini nilikuwa nimeshamuuliza daktari: kwa sasa, ni nini hasa kinachoshikilia goti langu? Akanijibu kwamba kano yenyewe ni ngumu, kinachoweza kuachia ni mshiko wake. Nikaenda kusoma. Tangu mwaka 1987 mtafiti Kurosaka na wenzake walishaonyesha kwamba mwanzoni sehemu dhaifu ni pale kano inapofungwa kwenye mfupa, na kwamba skrubu yenye unene wa milimita 9 inashika vizuri kuliko ya 6.5. Upande wa muundi ndio wa kuogopa zaidi: mfupa wa pale ni laini, na kano huvutwa kufuata tundu moja kwa moja. Kano iliyokatwa pamoja na kipande cha mfupa hushikana kwa kama wiki 6. Ya kwangu, kano tupu, huhitaji wiki 8 hadi 12. Hadi hapo mzigo wote uko kwenye skrubu, na skrubu haina maumivu ya kukuonya.

Kwa hiyo vijana, acheni sifa! Goti kutouma si kibali. Fuata ratiba ya fiziotherapia, hata ikikuchosha. Ile mashine ya gym ya kunyoosha mguu ukiwa umekaa, usiiguse mpaka uambiwe. Mechi isubiri, angalau miezi 9. Mimi nilisubiri, na leo nacheza beki dakika zote 90.

Na kabla ya upasuaji muulize daktari atatumia kano gani na ataifunga vipi. Akikuta mfupa wako ni laini, anaweza kuongeza pini au skrubu nyingine nje ya tundu, na hapo ratiba yako ya mazoezi inaweza isifanane na yangu.