Mwongozo wa usahihishaji hauandikwi baada ya kusahihisha

Juzi saa mbili usiku nilirudi ofisini kufuata chaja niliyoisahau. Chumba cha wahadhiri wapya taa inawaka. Nikachungulia, nikamkuta mdogo wangu mmoja kainamia rundo la skripti, karatasi za majibu ya mtihani, kalamu nyekundu mkononi, ameshavuka ya sitini. Nikamuuliza mwongozo wa usahihishaji uko wapi, ile karatasi inayosema jibu gani linapata alama ngapi. "Nitauandika nikimaliza, kaka. Majibu yote ninayo kichwani."

Nikamuaga. Nikaenda kusimama chini ya mwembe, nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Maneno hayo ni yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliyasema hivyohivyo, kwenye korido hiyohiyo.

Basi nyie mliofika chuoni kwetu Tabora muhula huu na shahada ya uzamili bado ya moto, sogeeni. Sitarudia.

1. Swali na jibu lake huandikwa siku moja. Ukikaa kulijibu swali lako mwenyewe kwa kalamu na saa, utagundua kuwa swali la alama 20 linajibika kwa mistari mitatu, au kwamba hata wewe hulielewi.

2. Jedwali la mgawanyo wa maswali, linaloonyesha kila swali linapima mada gani na ngazi gani ya kufikiri, si karatasi ya kumfurahisha mratibu wa mitihani. Kila ofisi hapa imebandika ukutani ngazi za kufikiri za Bloom, kutoka kukumbuka kwenda juu, zile za mwaka 1956, na wengine wana toleo lililorekebishwa la mwaka 2001. Vitenzi vya kila ngazi mnavijua kama sala. Tatizo mnaandika "changanua" kwenye swali, halafu mnasahihisha kana kwamba mliandika "orodhesha". Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

3. Nilikuwa nafundisha usimamizi wa miradi, mwaka wa pili, wanafunzi 143. Swali la nne liliwataka wachanganue sababu za miradi ya jamii kufa mfadhili akishaondoka. Kwenye madesa yangu, yale maelezo ninayowagawia wanafunzi, sababu zilikuwa tano: ushirikishwaji mdogo, fedha za matengenezo, ufuatiliaji dhaifu, ujuzi, siasa. Nikawa nasahihisha kwa macho tu. Nikiona "ushirikishwaji", alama nne. Nikiona "ufuatiliaji", alama nne. Kwa mwendo huo unamaliza skripti arobaini kabla ya chakula cha mchana, na mimi nilikuwa najisifia kasi.

Kulikuwa na binti mmoja kutoka Sikonge. Hakuorodhesha kitu. Aliandika kurasa mbili na nusu kuhusu mizinga ya kisasa iliyoletwa kijijini kwao kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Mizinga ilipelekwa porini mbali, kwenye kambi ambako warinaji hulala siku kadhaa, na mama mwenye watoto halali porini. Kwa hiyo majina kwenye orodha yalikuwa ya wanawake, na asali ikawa ya wanaume. Mzinga ukipasuka, mwanamke hana haja ya kuutengeneza kwa sababu hauoni, na mwanamume hautengenezi kwa sababu si wake. Mfadhili alipoondoka, mizinga miwili ikarudishwa nyumbani kuhifadhia karanga.

Nilimpa 4 kati ya 20. Nikaandika pembeni, kwa mwandiko mkubwa: "Jibu swali!"

Nikimkumbuka sasa naona kwamba alijibu kuliko wote. Alionyesha jinsi sababu moja inavyozaa nyingine, ambayo ndiyo maana ya kuchanganua. Ila neno "ushirikishwaji" hakulitaja, na Kiingereza chake kilichechemea: nafsi ya tatu inapotea, wakati uliopita unageuka uliopo katikati ya sentensi. Kwetu pasi ni 40. Yeye jumla alipata 38. Matokeo ya awali yakabandikwa, akaingia kwenye orodha ya sapu, ya wanaorudia mtihani.

Mtahini wa nje, anayetoka chuo kingine kukagua usahihishaji wetu, alikuja wiki iliyofuata, profesa mmoja mama mtu mzima, mpole, miwani kwenye kamba. Aliomba skripti za juu, za kati na za chini, kama kawaida. Akaomba na mwongozo. Mimi mwongozo niliuandika usiku wa kuamkia siku hiyo, tena kwa kunakili madesa, nukta kwa nukta. Akausoma. Akasoma ile skripti ya Sikonge, yote, bila haraka. Mkuu wa idara yupo, wenzangu wanne wapo, feni inalia.

"Kijana wangu, swali hili linapima nini?"

Nikasema linapima uwezo wa kuchanganua.

"Hapana. Umepima nani kanakili desa lako vizuri."

Wadogo zangu, nilitamani treni ya Kigoma ipite mle ofisini inichukue.

Ikaamuliwa swali la nne lisahihishwe upya, skripti zote 143, na watu watatu, kwa mwongozo mpya. Siku nne tulikaa kwenye bwalo tukila michembe na chai, wenzangu wawili wakinitazama kama shemeji aliyeiba kuku msibani. Tulianza kwa kusahihisha kumi zilezile kila mtu kivyake, halafu tukalinganisha. Skripti ya kwanza mmoja alitoa 7, mwingine 13. Asubuhi nzima iliishia kwenye kubishana ni kitu gani hasa tunakilipa alama. Asubuhi ile ilinifundisha ualimu kuliko kozi yoyote niliyosoma.

Binti akapata 16. Mtihani wa mwisho una uzito wa asilimia 60 ya jumla, kwa hiyo zile alama 12 za nyongeza zikawa 7 na pointi, na 38 yake ikawa 45. Safi, sivyo? Sivyo. Alikuwa ameshaona ubao na kurudi kwao. Mjomba aliyekuwa anamlipia ada kwa hela ya tumbaku alishasema yeye hasomeshi watu wa kufeli. Tulipompata kwa simu, usajili ulikuwa umefungwa. Alipoteza mwaka.

Aliporudi nilimfuata koridoni kumwomba radhi, na niliiomba vibaya, kwa kuzungukazunguka, nikitaja "changamoto za kimfumo". Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua nimefeli kwa sababu ya Kiingereza."

Sikuwa na jibu. Hadi leo, kabla sijaanza rundo, naandika juu ya mwongozo wangu lugha ina alama ngapi. Kama haina, haina, na mkono wangu hauruhusiwi kuziiba.

4. Krediti, kipimo cha uzito wa kozi, moja ni saa 10 za mwanafunzi, pamoja na zile anazosoma peke yake. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, si mihadhara 120. Mkimpa kazi tatu za nyumbani wiki moja, msimlaumu akipiga desa.

5. Rudisheni testi kabla ya mtihani wa mwisho, si baada.

6. Mtaala ukifika wakati wa kupitiwa mtaitwa kwenye kikao cha wadau. Msiende kwa ajili ya pilau. Kikao kimoja alikuja mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, akasubiri hadi saa nane ndipo akapewa nafasi, akasema vijana wetu wa mazoezi wanajua kutaja kanuni za uhasibu lakini wakipewa hati za mauzo ya mkulima zenye makato manne hawajui waanzie wapi. Tukampigia makofi. Kwenye ripoti tukaandika "wadau waliridhishwa". Nani aliandika? Nisiulizwe, nilikuwa katibu.

7. Fomu za wanafunzi za kukutathmini zisome siku umeshiba.

8. Pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, ni za wanafunzi kujisomea, si ghala lako la maswali.

Yule mdogo wangu wa juzi ameniletea mwongozo asubuhi hii, kurasa mbili, macho mekundu. Ameanza skripti upya kutoka ya kwanza. Ila swali lake la tatu nalifahamu, koma kwa koma. Nililitunga mimi mwaka 2016.