Muulize Mfamasia: Dawa ya ng'ombe kwenye kabati la jikoni

*Shikamoo mfamasia. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muleba. Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, ilipotangazwa Biharamulo Januari 2025, kaka yangu alikwenda duka la dawa za mifugo akarudi na chupa ya ivermektini. Baadaye akaongeza kopo la deksamethasoni na klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, aliyopewa na rafiki yake. Vyote vimo kwenye kabati langu la jikoni mpaka leo. Anasema hizi ni dawa za zamani, watu wamezimeza miaka na miaka, na hata wataalamu hujaribu dawa za zamani kwa virusi vipya. Ni kweli? Nizitupe? – Mama Wawili, Muleba*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka ukaitoe hiyo klorokwini hapo ilipo, uifungie mahali watoto hawafiki. Kidonge kimoja au viwili vyaweza kumuua mtoto mdogo, tena kwa haraka. Ukimaliza, rudi tuzungumze.

Kaka yako hakukosea kila kitu. Virusi vipya vikizuka, watafiti huanza kweli na dawa zilizokwisha kuwapo. Dawa mpya huchukua miaka mingi kutengenezwa, na watu wanakufa leo. Ya zamani ina kiwanda tayari, na kipimo ambacho mwili unakivumilia kinajulikana. Lakini uzoefu huo ni wa kipimo kile, kwa ugonjwa ule. Hausemi lolote kuhusu kama dawa itakiweza kirusi kipya.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2020 nilikuwa nauza dirishani katika duka la dawa mjini Mwanza. Redio zilipoanza kutaja haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, kuwa tiba ya korona, akiba yetu yote iliondoka kwa siku nne, na mimi ndiye niliyeiuza. Wiki iliyofuata akaja mteja wangu wa miaka mingi, mama mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Dawa ile ndiyo iliyokuwa ikimwezesha kuinuka kitandani. Sikuwa na kidonge hata kimoja cha kumpa. Alikunja cheti chake, akakirudisha kwenye mkoba, akanishukuru. Kushukuru kule kunaniumiza hadi leo.

Mwaka huohuo yakatoka majibu ya jaribio kubwa la hospitali za Uingereza. Wagonjwa 1,561 wa korona walipewa haidroksiklorokwini na 3,155 hawakupewa, nani apewe na nani asipewe ikiamuliwa kwa kura. Ndani ya siku 28 walikufa 27 katika kila 100 ya waliopewa, na 25 katika kila 100 ya wasiopewa. Haikuwa na msaada wowote.

Jaribio hilohilo ndilo lililotuonyesha faida ya deksamethasoni, dawa ya miaka ya 1950 ambayo bei yake ni ndogo sana. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilishuka kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Nililia niliposoma. Lakini mwambie kaka yako na hili: wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia, na takwimu zao zilielekea upande wa madhara. Dawa hii haikigusi kirusi. Inatuliza kinga ya mwili iliyochachamaa na kuanza kuharibu mapafu. Ukiimeza mapema, unamnyang'anya askari silaha wakati adui ndiyo kwanza anaingia.

Ivermektini tunaifahamu sote kwenye kingatiba ya usubi na matende, na ni dawa njema kwa kazi hiyo. Aprili 2020 watafiti wa Australia waliitia kwenye seli zenye kirusi cha korona, na baada ya saa 48 kirusi karibu chote kilikuwa kimetoweka. Habari hiyo ikaenea dunia nzima. Ambacho hakikuenea ni kwamba kiasi walichotumia kilizidi mno kile kinachofikiwa kwenye damu ya mtu aliyemeza kipimo cha kawaida. Kisahani cha maabara hakina ini wala ubongo wa kudhurika. Halafu chupa ya ng'ombe kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, na mtu mzima wa kilo 60 hupewa miligramu 9 hadi 12 tu. Kijiko kimoja cha chai tayari kimepita mara nne au zaidi.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Tekovirimati, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya ndui, ilijaribiwa kwa wagonjwa 597 wa mpox huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Agosti 2024 ikajulikana kuwa vidonda vya waliopewa havikupona haraka kuliko vya wasiopewa. Lakini katika makundi yote mawili walikufa chini ya 2 katika kila 100, wachache kuliko ilivyozoeleka nchini humo, maana wote walilazwa na kuhudumiwa vizuri: vidonda kusafishwa, maji, chakula, maambukizi mengine kutibiwa.

Sasa kuhusu kabati lako. Usitupe chooni wala jalalani. Klorokwini na deksamethasoni zipeleke kwa mfamasia wa hospitali ya wilaya aziteketeze inavyotakiwa. Chupa ya ng'ombe mpe mtaalamu wa mifugo. Halafu muulize kaka yako taratibu, bila kumgombeza, kama amekuwa akimeza hiyo deksamethasoni. Kama ameimeza kwa wiki kadhaa, asiache ghafla. Aende na kopo lake kwa daktari apunguziwe hatua kwa hatua. Na siku mtu nyumbani akipata homa kali na kutapika huku kukiwa na tangazo la mlipuko, msimguse ovyo. Pigeni 199, ni bure.